SOMO LA LEO: UNYEVU NA CHAKULA CHA CHATU WA NGOMA



Somo letu la leo linahusu chatu. Tunajua wapo watakaosema, "Chatu wa nini tena? Si mtufundishe kufuga kuku!" Kuku wana zamu yao. Chatu naye ana wenyewe. Huku kwetu Usukumani, tangu zamani wapo wacheza ngoma wanaocheza na nyoka. Vyama vyao vinajulikana: Bagoyangi na Bayeye. Pale Bujora, karibu na Kisesa mkoani Mwanza, watu hujaa kuangalia ngoma ya chatu wakati wa sikukuu ya Bulabo. Kwa wachezaji hao chatu ni kama jembe. Jembe likivunjika wakati wa kulima, nyumba inalala njaa.

Sasa sikilizeni tuliyoyaona.

Kiangazi kimoja, mwezi wa Julai, tulifika nyumbani kwa manju mmoja hapa Ngokolo. Alitupeleka chumba cha nyuma akafungua sanduku la mbao. Ndani alilala chatu mwenye urefu wa hatua mbili na zaidi. Hali yake haikuwa nzuri. Gamba kuukuu lilikuwa limembandukia vipande vipande, kama rangi ya ukuta mbovu. Macho yalikuwa na ukungu. Mkiani gamba lilikuwa limebaki kama pete tatu, na ncha ya mkia imekuwa nyeusi.

"Ana njaa huyu," manju alituambia. "Wiki ya tatu hajala. Kesho tunamshika watu wanne, tunamsukumia kuku mdomoni."

Tukamwambia, "Mzee, subiri kwanza. Maji yake yako wapi?"

Maji hayakuwapo. Sanduku lilikuwa juu ya kabati, chini ya bati linalowaka jua mchana kutwa. Ndani mlikuwa na mchanga mkavu tu. Basi, hapo ndipo lilipokuwa tatizo. Chatu yule alikuwa amekaukiwa. Kuku asingemsaidia kitu.

Unyevu ni nini?

Hewa hubeba maji ambayo hatuyaoni. Hewa ikibeba maji yote inayoweza kuyabeba, tunasema unyevu wake ni 100 kwa 100. Tunaandika 100%, tunasoma asilimia mia moja. Ikibeba nusu tu, ni 50%. Chatu anayefugwa anahitaji hewa yenye unyevu wa 50% hadi 60%. Anapokaribia kujivua gamba anahitaji zaidi, 70% au hata 80%.

Huku Shinyanga, kuanzia mwezi wa Mei hadi Oktoba mvua ni haba. Upepo ni mkavu, midomo yetu yenyewe inapasuka. Na angalieni jambo hili: ngoma nyingi huchezwa wakati huo huo, baada ya mavuno, watu wakiwa na nafasi na chakula ghalani. Kwa hiyo chatu hufanya kazi nyingi katika miezi ile ile ambayo hewa inamkausha. Wenye ngoma wengi hawajaliwaza hili. Hata sisi hatukuliwaza mpaka tulipoliona sanduku lile.

Mtauliza, mbona chatu wa porini hafi kiangazi? Yule hakai juani. Huingia katika mashimo ya muhanga na ngiri, katika vichuguu, au hukaa karibu na mto na bwawa. Ndani ya shimo udongo una ubaridi na hewa ina unyevu, hata kama juu majani yamekauka yote. Sisi tukimtoa huko na kumweka katika sanduku chini ya bati, tumemnyang'anya shimo lake. Ni lazima tumrudishie shimo.

Chungu kiwe shimo lake

Shimo hilo tunaweza kulitengeneza kwa vitu vya nyumbani. Chukua chungu kikubwa cha udongo ambacho hakijatiwa mafuta wala dawa. Toboa mlango ubavuni, chatu aweze kupita bila kukwaruzika. Lainisha kingo za mlango kwa jiwe. Ndani tandika kipande cha gunia la katani kilicholowekwa majini kikakamuliwa sana. Funika chungu. Nje ya chungu, sakafu ya sanduku ibaki kavu, yenye mkeka au magazeti.

Kwa nini chungu? Nyote mnaujua mtungi wa maji. Mtungi "hutoa jasho". Maji hupenya polepole katika udongo na kukauka kwa nje, ndiyo maana maji ya mtungi ni baridi. Chungu chenye gunia bichi hufanya kazi hiyo hiyo: hewa ya ndani hupata unyevu polepole bila kumlowesha chatu. Naye atachagua mwenyewe. Akitaka unyevu ataingia, akitosheka atatoka.

Weka pia karai la maji safi ya kunywa, zito asiloweza kulipindua. Maji yabadilishwe kila siku mbili, na siku ile ile akiyachafua. Ndugu zetu wa machimbo ya dhahabu huko Geita na Kahama wasichote maji katika mashimo ya kuoshea dhahabu. Maji hayo yana zebaki, na zebaki ni sumu kwa chatu, kwa mbuzi na kwa mtoto wako.

Wanaofuga vifaranga kwa mashine ya kutotolesha wana chombo kinachopima unyevu. Ukiweza, kiazime. Ukikosa, tumia mkono na macho. Gunia likikauka kabla ya saa sita mchana, maji hayatoshi. Ukiona matone yanatiririka ukutani mwa sanduku, yamezidi.

Na yakizidi ni vibaya pia. Chatu anayelala katika matope huota malengelenge tumboni, kisha huoza. Akikosa hewa safi hupata ugonjwa wa mapafu: anakoroma, anatoa povu mdomoni, anainua kichwa juu kutafuta pumzi. Huyo apelekwe kwa daktari wa mifugo. Kwa hiyo toboa matundu katika sanduku, na usimwage maji ovyo.

Dalili za kujivua gamba

Chatu anapokaribia kujivua, rangi yake hufifia. Macho huwa meupe kama yametiwa maziwa. Baada ya siku kadhaa macho huwa safi tena, na siku chache baadaye hujivua. Aliye mzima huvua gamba zima kwa mara moja, kama mtu anavyovua soksi kwa kuipindua. Litandaze gamba hilo ulitazame kichwani. Utaona vifuniko viwili vya macho, kama vioo vidogo vya saa. Visipokuwapo, vimebaki machoni mwake.

Katika siku hizo haoni vizuri, ana hasira, na mara nyingi hali. Asichezwe. Watazamaji wakilalamika, waambieni chatu anabadili nguo.

Gamba likinasa, kamwe usilivute kwa kucha. Usiguse macho. Tia maji ya uvuguvugu katika beseni, yasifike nusu ya unene wa mwili wake, umweke humo kwa dakika 20 hadi 30 huku mtu akimwangalia. Kisha mwache apite mwenyewe katikati ya gunia bichi ulilolishika kwa mikono miwili. Gamba litabaki kwenye gunia. Pete za mkiani zisiachwe, maana hubana damu kama uzi uliofungwa kidoleni.

Yule chatu wa Ngokolo tulimfanyia hivyo kwa siku tatu. Magamba yakatoka. Vifuniko vya macho vilitoka alipojivua mara iliyofuata. Ncha ya mkia ilikuwa imekwisha kufa, ikadondoka. Mwezi wa Agosti alikula mwenyewe, bila kushikwa na mtu.

Chakula

Kuna chatu mdogo wa Afrika Magharibi anayefugwa sana majumbani huko Ulaya na Marekani. Kwao ni Ghana, Togo, Benin na nchi za jirani, na upande wa mashariki anafika Uganda. Akiogopa hujikunja kama mpira na kuficha kichwa katikati. Katika mji wa Ouidah, Benin, wana nyumba ya ibada wanamowatunza na kuwaheshimu. Vipimo vingi vya ulishaji vimeandikwa kwa ajili ya chatu huyo. Chatu wetu ni mkubwa zaidi, anaweza kupita mita 4, lakini ngozi yake na tumbo lake hufanya kazi vile vile.

Mnyama unayempa asizidi unene wa mwili wa chatu mahali alipo mnene zaidi. Chatu mchanga ale mara moja kwa siku 7. Aliyekua wa kutosha, kila baada ya wiki 2. Mkubwa, mara moja kwa wiki 4 inatosha. Wengi wetu tunamwonea huruma kwa kuwa sisi tunakula kila siku. Yeye si kama sisi. Hatengenezi joto la mwili kama ng'ombe au mtu, kwa hiyo chakula kidogo kinamtosha siku nyingi. Chatu mkubwa mwenye afya anaweza kukaa miezi bila kula. Tazama mgongo wake. Ukiwa wa mviringo, usihangaike. Ukichongoka kama paa la nyumba, amekonda, tafuta daktari.

Kumsukumia chakula mdomoni kunavunja meno na kuchana koo. Asipokula, uliza kwanza: Je, anajivua? Je, ana maji? Je, ana joto? Upande mmoja wa sanduku uwe na joto la nyuzi 30 hivi, na upande mwingine upoe. Usiku wa Juni na Julai una baridi, na tumbo likipoa chakula huoza badala ya kusagika. Lakini usiweke jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Moshi wake utaua chatu na waliolala pia.

Panya aliyekamatwa nyumbani asitumike kama mtu yeyote jirani ameweka sumu ya panya. Sumu iliyo tumboni mwa panya itaingia kwa chatu. Panya hai naye humng'ata chatu asiye na njaa, hata kumtoboa. Mpe mnyama aliyekwisha kufa, ukimshika kwa kijiti kirefu. Mkono unaonuka kuku ni kuku machoni pa chatu. Hana sumu, lakini meno yake ni mengi na yamepinda kwenda ndani. Akikung'ata, osha kwa sabuni uende zahanati. Chatu wa kufikia mita 3 asilishwe wala asishikwe na mtu mmoja, na watoto wasiwe chumbani. Sanduku liwe na kufuli. Hapo hatutanii.

Akisha kula, aachwe. Matumbo na ini lake huongezeka ukubwa ili kusaga kile chakula, ni kazi nzito. Ukimcheza siku ya pili atatapika, na kutapika kunamdhoofisha kuliko njaa. Mpe siku 5 angalau, na kama bado ana uvimbe tumboni, ngoja tena.

Kuhusu sheria. Chatu ni mnyamapori, na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kumkamata wala kumweka bila kibali. Vikundi vya ngoma viende kwa Afisa Wanyamapori wa wilaya. Mwingine yeyote anayesoma somo hili asiende kichuguuni na gunia. Akimwona chatu huko, amwache.

Daftari la chatu

Katika kikundi kile cha Ngokolo watu watatu walikuwa wakimlisha. Huyu Jumanne, yule Alhamisi, hakuna aliyejua. Siku ya ngoma chatu alitapika mbele ya watu. Sasa manju ameweka daftari, na kwa kuwa yeye mwenyewe alihitimu kisomo cha watu wazima, haandikiwi na mtu. Ukurasa wake mmoja unasomeka hivi:

3 Julai. Macho meupe. Hakupewa chakula. Gunia limeloweshwa.
8 Julai. Macho safi.
12 Julai. Amevua gamba zima. Vifuniko vya macho viwili, nimeviona.
15 Julai. Amekula kuku 1.
16 hadi 20 Julai. Hachezi.
21 Julai. Uvimbe hakuna. Anaweza kucheza.

Swali. Chatu huyu anakula kila baada ya siku 28. Alikula tarehe 15 Julai. Atakula tena tarehe ngapi? Kumbuka Julai ina siku 31.

Jibu. Tarehe 12 Agosti.