Jiwe la Timboni Hadi kwa Mhariri

Mswada wangu wa kwanza wa makala ya jarida ulirudi na swali ambalo sikuweza kulijibu: mawe haya yalikaa siku ngapi baada ya kukatwa ndipo yakapimwa? Nilikuwa nimepima nguvu ya mgandamizo ya mawe ya matumbawe tunayojengea huku kwetu, Kilifi hadi Malindi. Kilichoniuma zaidi ni kwamba mzee mmoja wa timboni, upande wa Takaungu, alikwisha kunidokezea siku ya kwanza. "Mwanangu, jiwe hili likitoka chini ni laini. Liweke juani kwanza, ndipo liwe gumu." Nikamwitikia, "Haya, baba," nikaendelea kupakia sampuli. Sikuandika kitu.

Kwa hiyo mswada huanzia kwenye daftari, huko huko timboni. Andika umechukua jiwe kina gani, limekatwa lini, limepimwa lini, likiwa limelowa au kavu. Jiwe letu lina vitundu vingi, na likinywa maji nguvu zake hushuka. Sisi tumelala ndani ya kuta zake tangu utotoni, basi mengi tunayaruka tukidhani yanajulikana. Mhakiki aliyeko Turin au Seoul huenda hajalishika kamwe. Sehemu ya mbinu ndiyo itakayomfikishia mkononi. Taja kiwango ulichofuata kwa nambari yake. Niliporudia vipimo nilifuata EN 1926, kinachotaka vipande vikaushwe kwa nyuzi 70 za Selsiasi hadi uzito usibadilike tena. Ukikiacha mahali, sema umekiacha, na sababu yake.

Mwongozo wa waandishi usome kabla hujaandika ikisiri. Picha nyingi hutakiwa ziwe na nukta 300 kwa inchi, na picha ya simu iliyopitia WhatsApp haifiki hapo. Namba ya ORCID, inayomtambulisha mwandishi, ni bure, ichukue mapema. Leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, nayo iwe mkononi kabla ya kwenda timboni.

Jarida lenyewe lichague kwa kusoma makala zake za karibuni. Nilipotaka kutuma kwa Construction and Building Materials, niliona wazi kwamba "mawe ya Kilifi" peke yake hayatoshi. Msomaji anataka kujua yanamfundisha nini kuhusu mawe yake. Nikaandika upya mjadala, nikayalinganisha na mawe laini ya chokaa wanayojengea Malta. Mji wa kale wa Gede nikauweka kwenye utangulizi, kwa sababu kuta zake za matumbawe na chokaa zimesimama karne nyingi, na mwaka 2024 UNESCO iliuingiza mji huo katika Urithi wa Dunia. Barua pepe ya jarida inayokuahidi makala kukubaliwa ndani ya siku tatu, ifute. Ada ya kuchapisha uiulizie kabla ya kutuma: wachapishaji wengi hupunguza au husamehe kwa nchi zilizo katika orodha ya Research4Life.

Maoni ya wahakiki yakija, yalaze usiku mmoja. Kesho yake nakili kila hoja, jibu chini yake, taja ukurasa na mstari uliobadilisha. Usipokubaliana nao, weka kipimo mezani.

Na vipande vilivyobaki usivitupe hadi makala itoke. Vyangu viko kwa mama, Malindi, kila kimoja na tarehe yake ya kukatwa.