Maji ya Pampu Yenye Kutu

Pampu nyingine vijijini hutoa maji maangavu kabisa. Lakini yaweke ndooni mpaka jioni, utayakuta mekundu. Chai inakuwa nyeusi kama wino, na shuka jeupe linapata madoa. Basi akina mama wanasema, "Haya si maji," wanarudi bwawani. Hapo ndipo penye hatari. Chuma kinachoyapa maji rangi hiyo kwa kawaida hakileti ugonjwa. Maji ya bwawa ndiyo yanayoweza kuleta kuhara na kipindupindu.

Ndugu msomaji, kwanza tuchunguze chuma kinatoka wapi. Nenda pampuni alfajiri. Kama maji ya kwanza ni mekundu, kisha baada ya ndoo kadhaa yanatakata, basi mabomba ya chini yanaliwa na kutu. Iambieni kamati ya maji. Huko Uganda, mwaka 2016, Serikali ilikataza mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki yasitumiwe tena katika pampu za mkono, kwa sababu hiyo hiyo.

Lakini kama maji hutoka maangavu, yakageuka mekundu baadaye, chuma kinatoka ardhini. Kimeyeyuka majini kama chumvi, nacho kikiwa hivyo hakichujiki vizuri. Lazima kwanza kikutane na hewa, kigeuke kutu. Wengi huanza na mchanga moja kwa moja, halafu wanakata tamaa.

Chukua ndoo mbili za plastiki. Debe la bati usitumie, maana litaongeza kutu yake! Ndoo ya kwanza itoboe matundu mengi madogo kwa msumari. Iinue juu, maji yadondoke kama mvua mpaka kwenye mtungi. Yaache humo usiku kucha, kutu itatuama chini.

Ndoo ya pili nayo itoboe chini. Tandika kokoto, kisha changarawe, kisha mchanga wa mtoni uliooshwa mpaka maji yake yakatakata. Mchanga ufike shubiri moja. Asubuhi mimina maji polepole, bila kuyavuruga mashapo.

Sisi tunapima kwa chai. Ikiwa bado nyeusi, yadondoshe maji mara mbili. Yakianza kupita kwa shida, kwangua mchanga mwekundu wa juu uuoshe.

Chujio hili linaondoa kutu tu, haliui vijidudu. Maji ya kunywa yachemshe, uyaweke katika chombo safi chenye kifuniko.