Mgonjwa Asianguke Wodini

Tunapozungumzia huduma za hospitali zetu mara nyingi tunataja dawa, vitanda na majengo. Somo la toleo hili linahusu jambo lisilo na gharama kubwa, ila likisahauliwa humletea mgonjwa ulemavu au kifo: kuanguka akiwa wodini.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kutokana na kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Walio hatarini zaidi ni wazee. Mzee aliyelazwa kwa nimonia akivunjika nyonga, anaweza kupona nimonia lakini asitembee tena bila kushikwa mkono.

Kwa nini huanguka?

Mgonjwa hainuki kitandani bila sababu. Anataka kwenda chooni, ana kiu, ana maumivu, au anatafuta kitu kilichowekwa mbali. Wengi huona haya kumsumbua muuguzi, hivyo hujaribu wenyewe. Akisimama ghafla hushikwa na kizunguzungu, hasa kama anatumia dawa za presha au za usingizi. Sakafu iliyotoka kupigwa deki, giza na ndala zilizolika humalizia.

Muuguzi afanye nini?

1. Siku ya kulazwa amuulize mgonjwa kama amewahi kuanguka. Aliyeanguka jana aweza kuanguka tena kesho.
2. Awapitie walio hatarini mara kwa mara bila kungoja kuitwa. Aulize habari za choo na maumivu, kisha asogeze maji, miwani na fimbo karibu.
3. Ashushe kitanda kama kinashuka, na afunge breki za kiti cha magurudumu.
4. Amwelekeze mgonjwa akae kwanza ukingoni mwa kitanda, ndipo asimame taratibu.
5. Mgonjwa akianguka, achunguzwe kabla ya kuinuliwa. Tukio liandikwe bila kutafuta wa kulaumiwa, kwa maana linalofichwa hujirudia.

Kumfunga mgonjwa kitandani si kinga. Miguu hupoteza nguvu, naye akihangaika kujifungua huweza kuumia zaidi.

Sehemu yetu sisi

Muuguzi mmoja wa zamu ya usiku hawezi kuwa kwenye kila kitanda. Ndugu anayemuuguza mgonjwa akifundishwa mambo haya, anakuwa msaidizi wa kweli. Kamati ya parokia inaweza kupanga watu wa kukaa na wazee wasio na ndugu, kwa makubaliano na muuguzi mkuu.

Kwa wafadhili wetu: ombi la balbu za ukumbini na vishikio vya ukutani chooni halipendezi kwenye picha kama jengo jipya. Hata hivyo, safari ya usiku kwenda chooni ni kati ya safari za hatari kuliko zote wodini. Msilipite ombi hilo.

Maswali ya kujadili

- Mgonjwa wa hospitali iliyo karibu nasi hupita wapi kwenda chooni usiku? Kuna taa?
- Ni wazee gani wa jumuiya yetu wangelazwa bila mtu wa kuwauguza?
- Ni kitu gani kimoja tunaweza kukitengeneza kabla ya mwezi ujao?