MSTARI WA KATIKATI YA MENO



Somo letu ni juu ya meno ya mbele. Hapa shuleni wako wengi wanaoficha mdomo kwa mkono wakicheka, sababu wanasema meno yao haiko sawa katikati. Tuangalie kwanza kama ni kweli.

Simama mbele ya kioo, shika uzi kutoka katikati ya nyusi, upite puani mpaka katikati ya mdomo wa juu. Pale meno mawili makubwa ya juu yanapokutana panafaa kuwa karibu na uzi ule. Karibu tu, maana uso wa mtu yeyote hauko sawasawa pande zote mbili.

Mstari unahama namna gani? Mara nyingi ni wakati wa kubadilisha meno, miaka 6 mpaka 12. Jino la utoto likitoka mbele ya wakati wake upande mmoja tu, majirani yake wanasogea kujaza nafasi, na mstari unawafuata. Halafu jino la chonge linafika, kumbe nafasi yake imekwisha kukaliwa! Linatokea juu kwenye ufizi.

Mwaka 1999, munganga Vincent Kokich na wenzake wa Marekani walionyesha watu picha za vicheko zilizobadilishwa kidogo kidogo. Mstari uliohama milimita 4, wanganga wa kunyoosha meno waliuona; watu wa kawaida hapana. Lakini meno yaliyoinama kando, wote waliyaona upesi. Basi wewe unayejitazama kila asubuhi, jirani yako wa darasa pengine hajaona kitu.

Na mwanya je? Kwetu wengi wanausifu, lakini wako wanaotaka kuufunga kwa elastiki usiku katika bweni. Kama kapita wenu nasema wazi: mwache leo hii. Mzizi wa jino ni mwembamba kule juu, kwa hiyo elastiki inateleza, inaingia chini ya ufizi bila kuonekana, inakula mfupa. Meno yanalegea, yanaweza kuanguka mazima.

Anayepaswa kwenda kwa munganga wa meno bila kukawia ni yule ambaye, akifunga mdomo, taya lake la chini linakwenda kando kwanza ndipo meno yanakutana. Hilo si jambo la uzuri tu, na linatengenezwa vizuri zaidi mifupa ikiwa ingali inakua.