Njia za Kisheria za Kudai Madeni ya Chama, Hata kwa Mdaiwa Aliye Ng'ambo

Fedha inayokopeshwa na chama cha ushirika si mali ya katibu, wala si mali ya Bodi. Ni jasho la wanachama wote. Mkopo usiporejeshwa, anayeumia ni mwanachama mwingine ambaye msimu ujao ataambiwa kwamba mfuko wa mbolea umekwisha. Kwa hiyo kudai deni ni wajibu wa uongozi, wala si uadui. Hata hivyo, chama kisichofuata utaratibu huweza kupoteza haki yake yote, ingawa kijiji kizima kinajua kwamba deni lipo. Somo hili linaeleza utaratibu huo kwa mujibu wa sheria za Tanzania Bara.

1. Hati ndiyo msingi wa dai

Hakimu hahukumu kwa yale yanayojulikana kijijini; huhukumu kwa ushahidi. Kila mkopo sharti uwe na mkataba unaotaja kiasi kilichokopwa, riba kama ipo, tarehe ya mwisho ya kulipa, saini ya mkopaji, saini za wadhamini, na idhini ya kukata deni katika malipo ya mazao. Pamoja na mkataba huo zihifadhiwe stakabadhi za malipo, muhtasari wa kikao kilichoidhinisha mkopo, na ukurasa wa leja ya mwanachama. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua pia ujumbe wa simu kuwa ushahidi, lakini katibu mwangalifu hataacha karatasi yenye saini kwa kutegemea simu.

2. Miaka sita haingoji mtu

Sheria ya Ukomo wa Muda ya mwaka 1971 inatoa miaka sita ya kufungua shauri linalotokana na mkataba. Miaka hiyo huanza kuhesabiwa siku mkopaji aliposhindwa kulipa kama alivyoahidi. Ikipita, mahakama haitasikiliza dai, hata likiwa la haki kiasi gani.

Dawa yake ipo. Mdaiwa akikiri deni kwa maandishi yenye saini yake kabla muda haujaisha, au akilipa sehemu ya deni, hesabu huanza upya. Uchukuliwe mfano wa kubuni. Mkopo ulipaswa kulipwa tarehe 30 Juni 2020, na hakuna kilicholipwa. Miaka sita yake ingekwisha mwishoni mwa Juni 2026. Lakini tarehe 15 Januari 2024 mdaiwa alitia saini barua ya kukiri deni. Basi haki ya kudai inaendelea hadi Januari 2030. Kwa sababu hiyo, kila mwaka wakati wa kufunga hesabu, katibu awapelekee wadaiwa wote taarifa ya salio nao waitie saini. Kazi hiyo ya dakika chache huokoa madeni ya miaka mingi.

3. Hatua za kabla ya mahakama

Kwanza ipelekwe barua ya madai inayotaja kiasi, tarehe ya mkopo na siku za mwisho za kulipa, kwa mfano siku 21. Mdaiwa atie saini katika daftari la barua. Akikataa, mashahidi wawili waandike kwamba alikabidhiwa.

Pili, chama kitumie kilicho mikononi mwake: makato ya mazao yaliyoidhinishwa, pamoja na hisa na akiba za mdaiwa kadiri sheria na masharti ya chama yanavyoruhusu.

Tatu, ikumbukwe kwamba mgogoro kati ya mwanachama na chama chake hutakiwa kusuluhishwa kwanza kwa mazungumzo, na yakishindikana hupelekwa kwa Mrajis wa Vyama vya Ushirika. Chama kinachorukia mahakamani bila kupita njia hiyo huweza kuona shauri lake likiondolewa kabla halijasikilizwa. Mnunuzi au mfanyabiashara asiye mwanachama hahusiki na utaratibu huo; yeye hushtakiwa mahakamani kama mdaiwa mwingine yeyote.

4. Mdhamini si shahidi

Wengi hutia saini ya udhamini kwa kudhani kwamba wanathibitisha tabia njema ya jirani. Sivyo. Kwa Sheria ya Mikataba, mdhamini anawajibika kwa kiasi kile kile anachowajibika mkopaji, isipokuwa mkataba useme vinginevyo. Akilipa, yeye huchukua nafasi ya chama na anaweza kumdai mkopaji.

Lakini sheria inamlinda mdhamini pia. Bodi ikibadili mkataba, au ikikubaliana na mkopaji kumwongezea muda bila ridhaa ya mdhamini, huenda mdhamini akawa ameachiliwa kabisa. Wema wa Bodi kwa mkopaji mmoja umepoteza wadhamini wengi. Kila makubaliano mapya, basi, yatiwe saini na wadhamini wote.

5. Hukumu na kuikaza

Shauri likifika mahakamani, katibu asiogope lugha: tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama. Chama kikishinda na mdaiwa asilipe, kiombe hukumu ikazwe. Mahakama inaweza kuamuru mali ikamatwe na kuuzwa na dalali wa mahakama, au fedha zilizoko benki zizuiwe; pengine mdaiwa huweza hata kuwekwa ndani kama mfungwa wa madai. Sheria inakataza kukamata nguo, vyombo vya kupikia, vitanda, na zana za mkulima zinazomwezesha kuishi.

Mambo hayo hufanywa kwa amri ya mahakama tu. Chama kinachotuma mgambo kung'oa mabati ya mdaiwa, au kuswaga mbuzi wake, kinajigeuza kutoka mdai kuwa mshtakiwa.

6. Mdaiwa aliye ng'ambo

Hapa inafaa kutofautisha hali mbili.

Hali ya kwanza ni ya mwanachama aliyehama nchi na mkopo wake. Hukumu ya Tanzania haina nguvu yenyewe katika nchi nyingine. Zipo nchi zenye utaratibu wa kusajili hukumu zetu. Uingereza, kwa sheria yake ya mwaka 1920, inaweza kuisajili hukumu ya Tanzania ikiombwa katika miezi 12. Kenya ina sheria ya mwaka 1984 inayoitaja Tanzania, na muda wake ni miaka sita. Lakini sheria ya Uingereza inahusu hukumu za mahakama za juu, si za mahakama za chini. Tena haitasajili hukumu dhidi ya mtu ambaye hakuwa akiishi wala kufanya biashara huku, hakufika mahakamani, wala hakukubali kuhukumiwa na mahakama zetu. Ndiyo sababu mkataba useme wazi kwamba mkopaji anakubali mamlaka ya mahakama za Tanzania. Huko Marekani kila jimbo hufuata sheria yake kuhusu hukumu za kigeni, na mahali pasipo utaratibu wa kusajili, chama hulazimika kufungua shauri jipya na kumlipa wakili wa huko.

Kwa mkopo wa shilingi milioni moja, gharama hizo zinalizidi deni lenyewe. Njia iliyo bora ni wadhamini na mali iliyobaki nyumbani. Tena chama kikipata habari za hakika kwamba mdaiwa anauza mali na kujiandaa kuondoka ili akwepe deni, kinaweza kuiomba mahakama, kwa hati ya kiapo, imtake atoe dhamana au izuie mali hiyo hata kabla ya hukumu. Ombi la namna hiyo lina maana kabla hajasafiri, akishaondoka, limechelewa.

Hali ya pili ni ya mnunuzi wa kahawa, korosho au zao lingine aliye nchi za nje. Deni lake ni kubwa, na laweza kuangusha chama kizima. Mkataba wa mauzo uwe na kifungu cha usuluhishi. Tanzania iliingia katika Mkataba wa New York wa mwaka 1958 hapo mwaka 1964, na nchi zaidi ya 170 zimo ndani yake, zikiwamo Uingereza, Marekani, Kenya na Oman. Kwa mkataba huo, tuzo ya wasuluhishi hukazwa katika nchi hizo kwa urahisi kuliko hukumu ya mahakama. Bora zaidi ni kudai hati ya benki inayoahidi kulipa mara nyaraka za usafirishaji zitakapowasilishwa, ili mzigo usivuke bahari huku malipo yakiwa ahadi ya mdomo.

Kwa ufupi, nguvu ya chama mbele ya mdaiwa hupatikana siku mkopo unapotolewa, siyo siku mkopaji anapotoweka. Kalamu ya katibu siku ile ndiyo wakili wa kwanza wa chama.

Maswali ya kujadiliwa na vikundi vya mafunzo

1. Katika chama chenu, ni wadaiwa wangapi waliotia saini taarifa ya salio mwaka uliopita?
2. Bodi imemwongezea mkopaji muda bila kumwarifu mdhamini. Chama kimejiweka katika hatari gani?
3. Mwanachama mwenye deni anauza shamba na amekata tikiti ya kwenda nje. Katibu afanye nini wiki hiyo hiyo?
4. Someni mkataba wa mkopo wa chama chenu. Ni vifungu gani vilivyotajwa katika somo hili ambavyo havimo?