Mwalimu wa Kushika Nafasi, na Hati Zimpasazo

Mwalimu wa kike wa shule ya serikali ajifunguapo hupewa likizo, nayo ni siku 120 tangu makubaliano ya mwaka 2021 baina ya Tume ya Kuwaajiri Walimu na vyama vya walimu. Muda huo hupita muhula mzima. Watoto hawawezi kukaa bure siku zote hizo, kwa hiyo halmashauri ya shule hutafuta mtu wa kushika nafasi yake. Vijana wengi huitamani kazi hiyo. Walakini wako waikosao, wala si kwa kukosa elimu, bali kwa kuwa siku waitwapo hati zao hazijawa tayari.

Yafaa kufahamu kwanza ya kuwa Sheria ya Tume hiyo ya mwaka 2012 yakataza mtu ye yote kufanya kazi ya ualimu asipokuwa ameandikwa katika daftari la walimu. Awe wa kudumu au wa majuma matatu, ni mamoja. Asemaye, "Mimi nashika nafasi tu," hajajiepusha na sheria.

Anayetaka kuandikwa kuwa mwalimu wa sekondari kwa njia ya digrii yampasa awe alipata C+ katika mtihani wa kidato cha nne, na C+ vile vile katika masomo mawili atakayoyafundisha. Tena awe amesomea ualimu wenyewe. Hapa ndipo wengi hujikwaa. Kijana aliyesoma hesabu na fizikia katika Chuo Kikuu hudhani digrii yake yatosha. Haitoshi. Ajapokuwa bingwa wa hesabu, hana budi kusomea stashahada ya ualimu wanayopewa wenye digrii za namna nyingine. Wengine huona jambo hili ni zito, lakini kujua hesabu si kujua kumfundisha mtoto aiogopaye hesabu.

Maombi hupelekwa kwa Tume kwa njia ya intaneti. Pamoja nayo hutakiwa kitambulisho, picha, vyeti vya shule na chuo, nambari ya kodi, fomu iliyojazwa na daktari, na cheti cha tabia njema kitolewacho na polisi baada ya kupigwa alama za vidole. Cheti hicho kiombwe mapema. Tena mwombaji atazame majina yake: ikiwa kitambulisho chasema Wanjiru na cheti cha mtihani chasema Mary, ni lazima apate hati ya kiapo ionyeshayo kwamba huyo ni mtu mmoja. Kosa dogo la karani wa zamani laweza kumchelewesha mtu miezi.

Akiisha kupata nambari yake, asidhani ameajiriwa na Tume. Mwenye kumwajiri mwalimu wa muda ni halmashauri ya shule, nayo humlipa kwa fedha za shule, ambazo mara nyingi ni chache na huchelewa. Basi kabla ya kushika chaki aombe barua itajayo mshahara, siku ya kuanza na siku ya kumaliza. Asione haya kuiomba. Mwalimu Mkuu naye ataiuliza ile nambari, na aweza kuichungua kwa intaneti papo hapo, mwombaji akiwa bado ameketi mbele yake.