Moshi Unaonukia: Kijitabu cha Familia Kuhusu Sigara, Vepu na Shisha

Kijitabu hiki ni cha nani?

Ni cha wazazi, walezi, shangazi, babu na kaka wakubwa wanaoishi na kijana nyumbani. Zamani mvutaji alijulikana kwa pua: nguo zilinuka tumbaku, vidole viligeuka manjano. Siku hizi chumba kinaweza kunukia embe au mnanaa, kumbe kijana amekuwa akivuta tangu jioni. Kuna hata vifuko vya nikotini vinavyowekwa chini ya mdomo, visivyotoa moshi wala mvuke. Pua haitoshi tena. Familia haina budi kuzijua bidhaa hizi na kuzizungumzia waziwazi.

Zijue bidhaa zenyewe

*Sigara.* Moshi wake una kemikali zaidi ya 7,000, na kadhaa kati ya hizo husababisha saratani. Nchini Kenya, Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inakataza kumuuzia sigara mtu aliye chini ya miaka 18, na pia kuuza pakiti yenye sigara pungufu ya 10. Hata hivyo sigara moja moja bado hupatikana vibandani, na bei yake haiishindi pesa ya chai ya mwanafunzi.

*Vepu.* Ni kifaa cha betri kinachopasha moto kimiminika hadi kitoe wingu. Wingu hilo si mvuke wa maji matupu. Hubeba nikotini, viungo vya ladha na chembechembe ndogo sana zinazofika ndani ya mapafu. Nyingine zimeundwa kama kalamu au fleshi ya kompyuta, hivyo hukaa ndani ya mkoba wa shule bila kushtukiwa. Kifaa kimoja kinaweza kuwa na nikotini sawa na ya pakiti nzima ya sigara, au zaidi.

*Shisha.* Maji ya shisha hupoza moshi, hayaondoi sumu. Kikao cha saa moja humwingizia mvutaji moshi mwingi kuliko sigara kwa mbali. Makaa yake hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, na mrija unaopokezanwa unaweza kueneza maradhi, kikiwemo kifua kikuu. Kenya na Rwanda ziliipiga marufuku Desemba 2017. Sheria ya Uganda ya 2015 ilipiga marufuku shisha na sigara za kielektroniki, na kuweka umri wa kununua tumbaku kuwa miaka 21.

*Ugoro na tumbaku ya kutafuna.* Hazina moshi, lakini zina nikotini na huleta saratani ya kinywa.

Nikotini humfanyia nini kijana?

Mtu akivuta, nikotini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache. Ubongo huendelea kukomaa hadi umri wa miaka 25 hivi, na sehemu zinazochelewa kukomaa ndizo zinazosimamia umakini, maamuzi na kujizuia. Ndiyo maana kijana hunaswa na uraibu upesi kuliko mtu mzima, na hahitaji kuvuta kila siku ili anaswe.

Mtego wenyewe uko hivi. Nikotini ikipungua mwilini huja arosto: wasiwasi, hasira za karibu, kushindwa kutulia darasani. Akivuta tena, anatulia. Basi huamini kwamba vepu inamwondolea msongo wa mawazo, ilhali imetuliza tu shida iliyoletwa na vepu yenyewe.

"Lakini vepu si afadhali kuliko sigara?"

Swali hili mtaulizwa, na lijibiwe kwa ukweli. Mtu mzima aliyevuta sigara kwa miaka mingi, akiziacha kabisa na kubaki na vepu, huvuta sumu chache zaidi. Kijana ambaye hajawahi kuvuta chochote hana sigara anayoiacha. Anaingiza nikotini kwenye mwili ambao haukuwa nayo.

Pia hajui kilichomo ndani ya chupa. Mwaka 2019 Marekani ilikumbwa na mkurupuko wa majeraha ya mapafu miongoni mwa watumiaji wa vepu. Kufikia Februari 2020, zaidi ya watu 2,800 walikuwa wamelazwa hospitalini au kufariki, na vifo vilivyothibitishwa vilikuwa 68. Wengi wao walikuwa wametumia vimiminika vyenye kemikali ya bangi, mara nyingi vya kununua mitaani, na mafuta ya vitamini E yaliyochanganywa humo ndiyo yaliyoshukiwa zaidi.

Dalili za kuangalia

- Harufu ya matunda au peremende isiyoeleweka inatoka wapi.
- Kikohozi au koo kavu lisiloisha.
- Kutoka nje au kwenda chooni mara kwa mara, hasa baada ya kula.
- Hasira na kukosa utulivu, kisha kutulia ghafla.
- Pesa za matumizi kuisha mapema.
- Chaja, vichupa au vikopo vidogo vya duara usivyovijua.

Dalili moja si ushahidi. Mafua nayo huleta kikohozi, na ujana una hasira zake.

Namna ya kuzungumza naye

Usianze ukiwa na hasira, wala mbele ya wageni au wadogo zake. Anza kwa swali, si kwa hukumu:

— Mwanangu, nilipokuwa nikifua nimekuta hiki mfukoni. Sikukuita nikugombeze. Nataka kuelewa.

— Ni ya rafiki yangu, mama. Na hata haina moshi.

— Haya. Hebu nieleze, ndani yake mna nini?

Hapo nyamaza usikilize. Akikiri, mshukuru kwa kusema kweli kabla ya kuzungumzia kuacha. Kijana anayepigwa hujifunza kuficha vizuri zaidi.

Kanuni za nyumba

1. Usimtume mtoto dukani kununua sigara, wala kukuwashia jikoni.
2. Asivute mtu ndani ya nyumba wala garini, awe mgeni au mwenye nyumba. Moshi wa mwenzako nao huua.
3. Kimiminika cha vepu ni sumu kwa mtoto mdogo. Akikinywa, mpeleke hospitali mara moja pamoja na chupa yake, na usimtapishe.
4. Mzazi anayevuta aseme ukweli: "Mimi nimenaswa, na kuacha ni kugumu." Afadhali zaidi, waache pamoja.

Safari ya kuacha

Siku tatu za mwanzo kwa kawaida ndizo ngumu zaidi. Baada ya hapo arosto hupungua wiki hadi wiki. Hamu ikija hudumu dakika chache tu: anywe maji, atembee, ampigie mtu simu. Akiteleza, aanze tena siku hiyohiyo.

Mvuta sigara anayeacha hupata nafuu mapema. Ndani ya dakika 20 mapigo ya moyo huanza kushuka. Baada ya mwaka mmoja, hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo hupungua kwa takriban nusu.

Msaada upo. Nchini Kenya, piga 1192, namba ya bure ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Nchini Tanzania, piga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya. Mhudumu wa kituo cha afya kilicho karibu pia anaweza kumshauri, na daktari ndiye wa kuamua kama kijana anahitaji dawa.

Kazi ya wiki hii

Msingoje mtu akamatwe. Kaeni pamoja jioni moja, msome ukurasa wa bidhaa, na kila mmoja aseme ni ipi ameiona shuleni, mtaani au kwenye simu. Mzazi azungumze mwisho.